Milioni Moja na Watu 297

1. Kijiji cha Bogoro

Kijiji cha Bogoro kiko katika Ituri, upande wa mashariki wa nchi ya Kongo. Mtu atokaye Bunia kwenda Kasenyi, kwenye Ziwa Albert, hupita Bogoro baada ya mwendo wa kilomita 25 hivi. Hapo nchi ni ya juu, yenye majani na upepo. Mbele ya Bogoro njia hushuka mpaka ziwani. Samaki wa Kasenyi hupanda kwa njia hiyo kwenda soko la Bunia, na bidhaa za Bunia hushuka kwa njia hiyo hiyo.

Watu wa Bogoro hulima na kufuga ng'ombe. Jioni mfugaji huhesabu ng'ombe wake waingiapo zizini: mmoja, wawili, watatu. Hasemi kamwe, "Leo wamerudi ng'ombe tisa na nusu." Ng'ombe hahesabiwi nusu. Mtu naye hahesabiwi nusu. Namba za kuhesabia vitu vya namna hiyo, kama 1, 2, 3, 40 au 500, huitwa namba nzima.

Somo hili ni la namba nzima mbili. Moja ni kubwa sana, nayo ni milioni moja. Nyingine ni ndogo, nayo ni 297. Namba hizo mbili zilifika Bogoro siku moja.

2. Jinsi namba hizo zilivyofika

Tarehe 24 Februari 2003, alfajiri, watu wenye silaha walishambulia Bogoro. Watu wengi waliuawa, wakubwa kwa wadogo. Nyumba zilichomwa moto, mali ikaporwa, ng'ombe wakachukuliwa. Waliopona walikimbia, na wengi wao walikaa mbali na kwao muda mrefu.

Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, iliyoko The Hague katika nchi ya Uholanzi, ilichunguza mambo ya siku ile. Tarehe 7 Machi 2014 ilimwona Germain Katanga, aliyekuwa mkuu wa wapiganaji, kuwa na hatia ya kusaidia maovu hayo. Tarehe 23 Mei 2014 alihukumiwa kifungo cha miaka 12.

Lakini kumfunga mtu hakujengi nyumba iliyoungua. Basi tarehe 24 Machi 2017 mahakimu walitoa amri ya fidia. Fidia ni mali au msaada apewao mtu kwa ajili ya hasara aliyotendewa. Katika amri hiyo zilikuwamo namba hizi:

Watu ambao maombi yao yalichunguzwa: 341.
Watu ambao maombi yao yalikubaliwa: 297.
Hasara yote ya watu hao 297: dola 3,752,620.
Fidia iliyowekwa juu ya Katanga: dola 1,000,000.
Fedha ya kupewa kila mtu: dola 250.

Katanga hakuwa na mali ya kulipa. Kwa hiyo mfuko wa mahakama, uliowekwa kwa ajili ya kuwasaidia watu walioumizwa, ndio ulioitoa fedha hiyo.

3. Ugomvi kisimani

Habari ya amri ilipofika kijijini, watu waliokuwa wakipita njiani walichukua namba moja tu, wakaziacha nyingine. Walisema, "Milioni! Milioni ya dola!"

Asubuhi moja wasichana wawili wa darasa la tano walikutana kisimani. Nyanya ya mmoja wao alikuwa katika wale 297. Mwenzake alimwambia mbele ya watu, "Nyanya yako amepewa milioni, na jana umekuja kwetu kuomba chumvi! Mnaficha fedha, mnakula chumvi yetu."

Yule akajibu, "Hatujaona milioni."

"Kila mtu anajua ni milioni."

Watoto wengine wakacheka. Mjukuu wa yule nyanya akajitwika ndoo yake, akaenda zake. Shuleni alikaa kimya, wala hakuinua mkono hata kwa swali alilolijua. Mwalimu akaona jambo hilo, akauliza. Mvulana mmoja akasimama, akaeleza maneno yote yaliyosemwa kisimani.

Mwalimu hakumpiga mtu. Alichukua chaki, akaandika ubaoni namba mbili:

1,000,000
297

Kisha akasema, "Wanangu, namba kubwa ni kama mzigo uliofungwa. Anayeupita njiani huona ukubwa wake tu. Leo tutaufungua, tuone ndani mna nini. Baadaye atakayetaka kumgombeza mwenzake, na amgombeze."

4. Milioni ni nini

Milioni huandikwa kwa 1 na sifuri sita. Hupatikana kwa kuzidisha kumi mara sita:

10 × 10 × 10 × 10 × 10 × 10 = 1,000,000

Milioni ni elfu mara elfu. Fikiri shamba la mahindi lenye mistari 1,000, na katika kila mstari mashina 1,000. Shamba hilo lina mashina milioni moja.

Milioni ni pia mia mara mia mara mia. Fikiri matofali yaliyopangwa: matofali 100 kwa urefu, 100 kwa upana na 100 kwenda juu. Rundo hilo lina matofali milioni moja.

Mvulana mmoja akauliza, "Mwalimu, je, mtu aweza kuhesabu mpaka milioni?"

Mwalimu akajibu, "Tufanye hesabu, tutajua." Wakasema kwamba mtu huyo ataje namba moja kila sekunde, asile wala asilale. Siku moja ina saa 24, kila saa ina dakika 60, na kila dakika ina sekunde 60. Basi:

24 × 60 × 60 = 86,400

Kwa siku 11 atataja namba 950,400. Zitabaki 49,600, nazo zitamchukua saa 13, dakika 46 na sekunde 40. Mvulana akasema, "Basi mwenye kuanza leo atamaliza siku ya kumi na mbili!" Darasa likacheka. Hata yule msichana aliyenyamaza akacheka kidogo.

5. Milioni imejengwa kwa nini

Nyumba hujengwa kwa matofali, na namba hujengwa kwa namba nyingine zilizo ndogo. Mtu akitaka kujua kama namba itagawanyika vizuri, huitafutia matofali yake.

Kumi ni 2 × 5. Milioni ni kumi zilizozidishwa mara sita. Kwa hiyo ndani ya milioni mna 2 mara sita na 5 mara sita, wala hamna kitu kingine:

2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 = 64
5 × 5 × 5 × 5 × 5 × 5 = 15,625
64 × 15,625 = 1,000,000

Namba kama 2, 3, 5, 7, 11 na 13 haziwezi kuvunjwa tena. Kila moja hugawanyika kwa 1 na kwa namba yenyewe tu. Namba hizo huitwa namba tasa. Ndizo matofali ya namba zote.

Namba inayogawanya nyingine bila kuacha baki huitwa kigawo chake. Vigawo vya milioni vitapatikana hivi. Andika mistari miwili:

1, 2, 4, 8, 16, 32, 64
1, 5, 25, 125, 625, 3,125, 15,625

Chukua namba moja ya mstari wa juu na moja ya mstari wa chini, uzizidishe. Utapata kigawo cha milioni. Mathalani, 8 × 5 = 40, na milioni ikigawanywa kwa 40 huwa 25,000 bila baki. Juu kuna namba saba, na chini kuna namba saba. Basi vigawo vyote vya milioni ni 7 × 7, yaani 49.

Mwalimu akauliza, "Je, milioni yaweza kugawanywa kwa watu watatu, kila mtu apate sawa, pasibaki kitu?"

Msichana wa dawati la mbele akatazama mistari miwili, akasema, "La, Mwalimu. Tatu haimo ndani yake."

"Vema. Kwa watu 250?"

"Yawezekana. 250 ni 2 × 125. Kila mmoja atapata 4,000."

"Vema sana. Sasa, kwa watu 297?"

Darasa likanyamaza. Hakuna aliyeijua 297 imejengwa kwa nini.

6. Namba 297

Iko njia rahisi ya kujua kama namba hugawanyika kwa 9. Jumlisha tarakimu zake. Jumla ikigawanyika kwa 9, namba yenyewe nayo hugawanyika.

Sababu yake ni hii. 10 ni 9 na 1 zaidi. 100 ni 99 na 1 zaidi. Basi kila kumi ikigawanywa kwa 9 huacha 1, na kila mia huacha 1. Katika 297 mna mia mbili, nazo huacha 2. Mna makumi tisa, nayo huacha 9. Mna mamoja saba, nayo ni 7. Zilizoachwa zote ni 2 + 9 + 7 = 18, na 18 hugawanyika kwa 9. Kwa hiyo 297 hugawanyika kwa 9.

Kwa 11 iko njia nyingine. Anza kulia. Weka tarakimu ya kwanza, toa ya pili, ongeza ya tatu, toa ya nne, uendelee hivyo. Ukipata 0, au 11, au namba nyingine inayogawanyika kwa 11, basi namba yako hugawanyika kwa 11. Katika 297: 7 − 9 + 2 = 0. Kwa hiyo 297 hugawanyika kwa 11.

Watoto wakaivunja 297 katika madaftari, wakapata:

297 = 3 × 3 × 3 × 11

Ndani ya 297 hamna 2 wala 5. Ndani ya milioni hamna 3 wala 11. Namba hizi mbili hazina tofali hata moja lililo sawa. Basi milioni haiwezi kugawanywa kwa watu 297 bila baki. Watoto walijua hivyo kabla hawajaanza kugawanya.

7. Jirani wa milioni

Mwalimu akasema, "Mwanafunzi akishindwa na namba, na aende kwa jirani yake." Akaandika namba iliyo karibu na milioni, pungufu kwa moja:

999,999

Milioni ina namba tasa mbili tu ndani yake. Jirani yake ana nyingi. 999,999 ni 999 × 1,001. Ukizivunja hizo utapata:

999 = 3 × 3 × 3 × 37
1,001 = 7 × 11 × 13

Tazama sana. Ndani ya 999 mna 3 × 3 × 3. Ndani ya 1,001 mna 11. Hayo ndiyo matofali ya 297, yote, hakuna lililokosekana! Basi 297 ni kigawo cha 999,999. Ukiyaondoa matofali hayo, yatabaki 37, 7 na 13:

37 × 7 × 13 = 3,367
297 × 3,367 = 999,999

Sasa jibu limeonekana. Milioni ni 999,999 na 1 zaidi. Milioni ikigawanywa kwa watu 297, kila mtu hupata 3,367, na baki ni 1.

Mwalimu akamwita mvulana mmoja ubaoni agawanye kwa njia ndefu ili kuhakikisha. Akagawanya hivi: 1,000 kwa 297 ni 3, baki 109. 1,090 kwa 297 ni 3, baki 199. 1,990 kwa 297 ni 6, baki 208. 2,080 kwa 297 ni 7, baki 1. Jibu likawa 3,367, baki 1. Njia mbili zilifika mahali pamoja.

Mwalimu akamgeukia yule aliyesema maneno kisimani. Akamwuliza kwa upole, "Mwanangu, kama wangegawana sawa milioni yote, nyanya ya mwenzako angepata milioni?"

"La, Mwalimu. Angepata 3,367."

"Je, waligawana hivyo?"

Msichana hakujua.

8. Namba nyingine za amri ile

Hawakugawana hivyo. Mahakimu waliamuru kila mtu apewe dola 250 kama alama ya kukiri kwamba alidhulumiwa. Kwa watu wote 297 fedha hiyo ni:

300 × 250 = 75,000
3 × 250 = 750
75,000 − 750 = 74,250

Ukitoa 74,250 katika milioni, hubaki 925,750. Sehemu kubwa ya fidia haikuwa fedha ya mkononi. Iliwekwa kwa misaada ya watu hao 297: msaada wa makao, msaada wa kazi za kuleta mapato, msaada wa masomo, na msaada wa kutibu mioyo iliyoumia.

Halafu iko namba ya hasara, nayo ni 3,752,620. Mwalimu akasema, "Wale wasemao 'milioni, milioni!' hawaitaji namba hii." Milioni tatu hazifiki 3,752,620, na milioni nne huipita. Kwa hiyo milioni moja ni zaidi ya robo ya hasara ile, lakini haifiki theluthi yake. Mtu aliyepoteza ng'ombe wanne, akarudishiwa mmoja, hawezi kuitwa tajiri.

Watoto wakajaribu namba hiyo kwa njia ya 9. 3 + 7 + 5 + 2 + 6 + 2 + 0 = 25. Ishirini na tano haigawanyiki kwa 9. Basi 3,752,620 haiwezi kugawanywa sawa kwa watu 297. Na kweli hasara zao hazikuwa sawa. Mahakimu walitazama hasara ya kila mtu peke yake: huyu nyumba, yule ng'ombe, huyu mzazi wake. Kisha wakajumlisha.

Mwishoni mwalimu akaandika:

341 − 297 = 44

Akasema, "Namba hizi tatu ni za ukoo mmoja. 341 ni 11 × 31. 297 ni 11 × 27. 44 ni 11 × 4. Mkitoa namba inayogawanyika kwa 11 katika nyingine inayogawanyika kwa 11, itakayobaki nayo itagawanyika kwa 11. Sikuzote ni hivyo."

Ndipo yule msichana wa kisimani akainua mkono. Sauti yake ilikuwa ndogo. Akasema, "Mwalimu, hao 44 ni akina nani?"

"Ni watu walioomba fidia, nao hawakupata. Mahakimu waliona kwamba ushahidi wao hautoshi."

"Baba yangu ni mmoja wao," akasema. "Watu husema alidanganya."

Darasa zima likatulia. Mwalimu akaweka chaki chini. Akasema, "Kukosa ushahidi wa kutosha si kudanganya. Nyumba ikiungua, karatasi zilizomo nazo huungua. Hakimu hupima kile kilicholetwa mbele yake tu. Wala mtu asiseme baba yako alidanganya kwa sababu ya kuiona namba 44 ubaoni. Hiyo 44 ni watu, na hatuwezi kumhukumu mtu kwa kuitazama namba aliyomo."

Kengele ikalia. Watoto wakatoka polepole.

9. Maneno ya nyanya

Jioni ile mjukuu alikaa na nyanya yake karibu na moto. Akamweleza somo lote: milioni, na 297, na jirani 999,999, na ile 1 inayobaki. Nyanya hakusoma shule, lakini alijua kuhesabu. Alisikiliza mpaka mwisho.

Akauliza, "Na hiyo moja inayobaki hupewa nani?"

"Mwalimu amesema baki haipewi mtu. Inatuonyesha tu kwamba namba hizi mbili hazikai pamoja sawasawa."

"Mwalimu amesema vema," akajibu nyanya. "Mimi nami nina hesabu yangu. Nyumbani mwetu tulikuwa saba. Siku ile tukabaki watatu. Hesabu hiyo naifanya kila jioni, na kila jioni jibu ni lile lile. Zile dola 250 hazikuibadili. Lakini nilizipokea, kwa sababu zilisema kwamba jambo lile lilitendeka, nami sikuliota."

Mjukuu akamweleza pia habari ya baba wa mwenzake, mmoja wa wale 44. Nyanya akakaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Mimi nilimwona mtu huyo siku ile. Alikuwa akikimbia katika njia ya Bunia, amembeba mama yake mgongoni. Kesho mwambie binti yake kwamba mimi nilimwona."

10. Namba irudiyo nyumbani

Asubuhi wasichana wawili walikutana tena kisimani. Mjukuu akatoa maneno ya nyanya yake. Mwenzake akasikiliza, akafuta macho kwa upande wa kitenge chake. Kisha akashika ndoo ya mwenzake, akamsaidia kujitwika. Wakaenda shuleni pamoja.

Siku hiyo mwalimu alikuwa ameandika hesabu moja tu ubaoni: 297 × 297. Watoto wakaifanya hivi:

297 × 300 = 89,100
297 × 3 = 891
89,100 − 891 = 88,209

Mwalimu akasema, "Sasa kateni jibu lenu katikati, mahali pa mkato. Jumlisheni sehemu mbili."

Wakajumlisha: 88 + 209 = 297.

Wakastaajabu. Namba ilikuwa imekwenda mbali, ikawa kubwa, ikakatwa, na bado ikarudi kwao. Namba za namna hiyo ni chache. Kati ya 1 na 1,000 ziko saba tu: 1, 9, 45, 55, 99, 297, 703, na ya mwisho kabla ya elfu, 999, hufanya ya nane.

Mvulana mmoja akahesabu haraka kwa vidole, akapaza sauti, "Mwalimu, basi si saba, ni nane!"

"Ni nane," akasema mwalimu, akacheka. "Nilitaka kujua nani anahesabu mwenyewe, na nani anachukua namba aliyoisikia njiani."

Maswali

1. Bogoro iko katika njia gani? Njia hiyo hupitisha nini?
2. Fidia ni nini? Kwa nini mahakimu waliweka dola 250 kwa kila mtu?
3. Msichana wa kisimani alikosea nini katika kuitaja milioni? Kwa nini alikuwa na uchungu?
4. Eleza maana ya maneno haya: namba nzima, namba tasa, kigawo, tarakimu, baki.
5. Nyanya alisema ana hesabu yake. Hesabu hiyo ni ipi?

Hesabu za kufanya

1. Bila kugawanya, sema kama milioni hugawanyika bila baki kwa 16, kwa 12, kwa 125, kwa 35. Toa sababu.
2. Jaribu kwa njia ya 9 na kwa njia ya 11: 4,158; 74,250; 925,750.
3. Gawanya milioni kwa 7, kwa 11, kwa 13 na kwa 37. Baki ni ngapi kila mara? Eleza sababu kwa kumtazama jirani wa milioni.
4. Milioni kwa 7 ni 142,857, baki 1. Zidisha 142,857 kwa 2, kwa 3, kwa 4, kwa 5 na kwa 6. Tarakimu zake zinafanya nini? Kisha zidisha kwa 7.
5. Fanya 45 × 45, kisha 55 × 55, kisha 703 × 703. Kata kila jibu sehemu mbili, ujumlishe. Katika 703 acha tarakimu tatu upande wa kulia. Katika 45 na 55 acha mbili.
6. Waulize wazee wa nyumbani kwenu namba moja wanayoikumbuka sana. Iandike katika daftari, uivunje mpaka kwenye namba tasa, na uandike chini yake inahesabu nini.